Mafungu ya Mchangani

Bi Hildegardi Kapinga alikuwa amekamata wezi wa kila aina. Aliacha kazi ya polisi mwaka ule wanunuzi binafsi walipomiminika Mbinga na mizani zao, na kahawa ya watu ikaanza kuota miguu, ikipotea kwenye ghala moja na kuibukia kwenye jingine. Wakulima walimfuata nyumbani, yeye akaifuata kahawa. Kutoka Namswea hadi Litembo hapakuwa na mwizi wa magunia asiyelijua jina lake. Alikuwa na mazoea mawili ambayo hata uzee haukuyagusa: swali moja aliliuliza mara mbili, na chai ya mtu anayemhoji hakuinywa mpaka mahojiano yaishe.

Lakini kesi ya namna hii hakuwahi kuletewa.

"Rudia," alimwambia Kilian. "Kimeibwa nini?"

"Zimwi, mama mdogo."

"Rudia tena."

"Zimwi!"

Walikuwa wamekaa ndani ya intaneti kafe ya Pankras, Mbinga mjini, chai ikipoa mbele yao. Kilian Ndunguru alikuwa mkulima wa kahawa wa Litembo, mtu wa kifua kipana na hasira za karibu. Alimwita Hildegardi mama mdogo kwa kuwa mama yake na Hildegardi walipata komunyo ya kwanza siku moja, na tangu siku hiyo wakawa ndugu. Pankras, mwenye kafe, alisimama nyuma yao akipangusa kompyuta ambayo haikuwa na vumbi. Zimwi hilo lilikuwa la kwenye mchezo wa kompyuta alioutunga yeye na kuuita Milima ya Mazimwi, na mkewe alikuwa haachi kulalamika kwamba mumewe anaupenda mchezo ule kuliko yeye.

Pankras ndiye aliyemweleza mpelelezi. Kila mchezaji, awe Mbinga, awe Songea, awe kule ziwani Nyasa, anakaa kwenye kompyuta yake na kuongoza mtu wake mmoja. Wote wanakutana kwenye nchi moja ya kubuni, yenye milima upande huu na ziwa upande ule. Mara kwa mara zimwi linatokea milimani na ngoma inalia nchi nzima. Watu wanakwenda kulipiga. Likianguka, linaacha ngozi, meno na pembe.

"Sasa sikiliza wizi," Kilian alidakia. "Sisi wa Litembo tunalizunguka. Tunalipiga mpaka vidole vinauma. Likianza kuyumba, anatokea huyo bwana na mkuki wake. Pigo moja tu! Zimwi chali, na mchezo unampa yeye kila kitu."

"Kwa nini umpe yeye?"

"Anayepiga pigo la mwisho ndiye mwenye zimwi," alisema Pankras. "Ndivyo nilivyouandika."

"Huyo bwana ana jina?"

"Mchezoni anajiita Mbasa, kama samaki," Kilian alisema. Kisha akalitoa jina la pili kwa shida. "Nje ya mchezo ni Zabron."

Hildegardi alilijua jina hilo. Ndilo lililomtoa nyumbani. Jana yake Rosina, mdogo wake Kilian, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja kwake macho yamevimba. Zabron alikuwa mchumba wake, fundi wa injini za boti, kijana wa Chiwanda aliyehamia Mbamba Bay kwa ajili ya kazi. Walifahamiana kwenye mkutano wa kwaya. Jumapili hii mshenga wake alitarajiwa Litembo na barua ya posa, na baba yao alikuwa amefariki, kwa hiyo barua ingepokelewa na Kilian.

"Uanglikana wake tulishaumeza," Kilian alisema sasa, akihesabu kwa vidole kama mtu aliyevumilia mengi. "Kuishi mbali kote huko, tukameza. Lakini mwizi, mama mdogo? Ngoro nichimbe mimi, shimo baada ya shimo, nipande mimi, nipalilie mimi, halafu aje mtu siku ya kuvuna abebe mahindi yote? Mshenga wake akitokea Jumapili, barua yake anarudi nayo. Kiti hapewi."

Hildegardi hakubishana naye. Mtu mwenye hasira humwambia mpelelezi mambo mengi akiachwa aseme.

"Akishachukua vitu, anakwenda wapi?"

"Anakimbia. Anateremka mlima moja kwa moja mpaka ziwani."

"Kufanya nini huko?"

"Kuficha, nini kingine?"

"Umemfuata ukaona anaficha?"

"Nimfuate anicheke?"

"Umemuuliza?"

Kilian aliangalia pembeni. "Nimemfungia. Kuna kitufe. Ukimfungia mtu, akikuandikia maneno hayakufikii. Niliwaambia wenzangu wote wa Litembo wamfungie pia."

"Lini?"

"Siku ya kwanza ileile."

"Kwa hiyo mshitakiwa hajawahi kusikilizwa," alisema Hildegardi, kisha akamgeukia Pankras. "Hivyo vitu vya zimwi, mtu anavifanyia nini?"

"Anavivaa, au anaviuza kwenye soko la mchezo. Hapo ndipo penye faida."

"Zabron ameuza vingapi?"

Pankras aliacha kupangusa. "Hilo ndilo linalonisumbua. Hajauza hata jino. Na mtu wake anatembea na kaptula ileile aliyoanza nayo."

Hildegardi alifumba macho kidogo. Katika miaka yote ya kufuatilia kahawa, hakupata kumwona mwizi asiyefika kwenye mizani. Gunia la wizi lina haraka ya kuuzwa. Huyu aliiba mbele za watu, kwa jina lake, mchana kweupe, kisha mali yote ikaishia njiani.

"Wenzake Kilian wananisakama," Pankras aliongeza. "Wanataka nimfute, na wengine wanataka niwafute watu wote wa ziwani. Wanasema watu wa maji ndivyo walivyo."

"Usifute mtu mpaka nikupigie simu," alisema Hildegardi, akainuka. Chai aliiacha palepale.

Rosina, aliyeona aibu kumuuliza mchumba wake, alikuwa na maelezo yake: kuna mtu amelipata neno la siri la Zabron na anatumia jina lake kumharibia. Hildegardi aliyapenda maelezo hayo, na kwa sababu hiyo aliyatilia shaka. Alipanda Land Rover ya abiria, akateremka nayo kona za mlima Ambrosia akiwa ameshika rozari mfukoni, mpaka baridi ya milima ya Umatengo ikabaki juu na ziwa likaonekana chini, pana na la buluu, na Malawi ng'ambo kama wingu lililotulia.

Chumba cha kompyuta cha Mbamba Bay kilikuwa cha Ida, mama mmoja mchangamfu mwenye jenereta nyuma ya nyumba na modemu iliyofungwa juu ya fimbo dirishani ili mtandao usikatike.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Natafuta mashine anayokaa Zabron."

"Hiyo ya dirishani. Akimaliza injini zake anakuja hapo."

"Yupo mwingine anayeingia kwa jina lake?"

"Hapana."

"Yupo mwingine anayeingia kwa jina lake?"

Ida alicheka. "Mama, jenereta nawasha mimi, mlango nafungua mimi. Mbasa akiingia mchezoni, Zabron yupo hapo kwenye kiti. Kila mara."

Maelezo ya Rosina yakafa pale pale, na Hildegardi akayasikitikia. Ikabaki kwamba kijana ni mwizi kweli, au kuna jambo ambalo hakuna aliyeliona.

"Yuko wapi sasa?"

"Mchangani. Juya linavutwa."

Aliwasikia kabla hajawaona. Kamba mbili ndefu zilitoka majini, na kwenye kila kamba watu walikuwa wamejipanga, wanaume kwa wanawake, wakirudi kinyumenyume kwa wimbo, wakilivuta juya, wavu mkubwa uliokuwa bado mbali. Hildegardi alisimama kando na mkoba wake, mikono nyuma, akiangalia sura moja baada ya nyingine. Hakuruhusiwa kuangalia kwa muda mrefu.

"Mama! Kamba hiyo!" mwanamke mmoja alimpigia kelele.

"Mimi ni mgeni tu."

"Mgeni hana mikono?"

Watu wakacheka. Hildegardi akauning'iniza mkoba shingoni, akaishika kamba iliyolowa. Alivuta hatua chache tu, na ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Mfuko wa juya ukapanda mchangani, samaki wadogo waitwao usipa wakimetameta ndani yake. Mzee aliyekuwa akiongoza kazi akainua mkono. "Limelala!"

Papo hapo mtu mmoja alitokea akikimbia na ndoo, akaidaka kamba.

"Limelala, bwana wee!" watu wakamzomea kwa furaha. "Kamba ya juya lililolala inavutwa wapi?" Yule mtu akaiachia, akacheka na yeye, akaondoka na ndoo yake tupu. Hakuna aliyemkasirikia, kwani hapakuwa na cha kubishania.

Mzee akakaa chini, akaanza kukata mafungu mchangani. La kwanza, kubwa kuliko yote, alilipamba kwa samaki wakubwa juu. Hilo la mwenye juya. Kisha mafungu ya waliovuta, moja moja. Moja likasukumwa mbele ya viatu vya Hildegardi.

"Mimi nimevuta mwishoni kabisa," alisema, na kwa kweli aliona aibu. Kwao Umatengo mtu habebi mavuno ya shamba ambalo hakulima.

"Si ndipo kamba inapokuwa nzito?" yule mwanamke alimjibu, akamwekea usipa wake kwenye jani la mgomba.

Mbele ya mzee lilibaki fungu moja dogo bila mwenyewe. Hildegardi aliuliza ni la nani, akaambiwa ni la mama mmoja mgonjwa. Hakuvuta, lakini ni wa hapa, na wa nyumbani hukatiwa. Mpelelezi akasimama na jani lake mkononi, samaki wakidondosha maji kwenye kanga yake, na moyo ukamwenda mbio kama siku zile alipokuwa akisikia mizani ikilia ndani ya ghala lililofungwa.

Zabron alijitambulisha mwenyewe, kijana mrefu, mikono yenye madoa ya oili ambayo maji ya ziwa hayakuyatoa.

"Wewe ndiye Mbasa?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Zimwi la Kilian unalichoma wewe?"

"Nalichoma." Hakupepesa macho. "Ngoma ikilia, natoka mbio. Nyumba yangu mchezoni iko huku majini, mazimwi yanatokea juu kule. Mpaka nipande, nawakuta wenzangu wamechoka. Basi nasaidia."

"Na pembe, na ngozi?"

"Nagawa."

"Unagawia wapi?"

"Mchangani," alisema Zabron, akionekana kushangaa kidogo. "Kwani kunagawiwa wapi tena?"

Hildegardi alitaka kucheka na alitaka kulia. Hakufanya hata kimoja.

"Wanakuja kuchukua?"

Sura ya kijana ikabadilika. "Hawaji. Nakata mafungu, nakaa, nasubiri. La Kilian naliweka pembe juu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kazi. Ninawaandikia waje, kimya. Jua la mchezo likizama, kilichoachwa chini chote kinafutika, na mimi naondoka. Siku ya pili hivyohivyo." Aliangalia ziwa. "Mama, mtu akilikataa fungu lako mbele za watu, amekwambia nini? Amekwambia hakuhesabu kuwa mtu. Fungu langu hawalitaki, dada yao watanipa? Jana nimemwambia mshenga wangu asiende Jumapili. Nisimtie Rosina aibu."

"Mshenga ameshasema hatakwenda?"

"Amesema atasubiri neno langu la mwisho jioni hii."

Hildegardi alimwamini. Alimwamini kabisa, na ndiyo sababu aliamua kumpima, kwa maana alikuwa ameshawahi kuwaamini wezi wenye macho mazuri kuliko hayo. Alimtuma atangulie kwa Ida akaingie mchezoni kama kawaida. Alipobaki peke yake akampigia Pankras simu.

"Unaweza kulitoa zimwi sasa hivi?"

"Naweza. Kuna nini?"

"Litoe. Kilian na wenzake wapige kama siku zote, na wamwache Zabron apige pigo lake. Kisha mpe Kilian simu."

Kilian, aliyekuwa bado palepale kafe, alipokea akiwa ameshapanda moto. Hildegardi alimwambia alichotaka: zimwi likishaanguka, mtu wake amfuate Mbasa mpaka ziwani.

"Nikamwombe vitu vyangu mwenyewe?"

"Ukaangalie."

"Mama mdogo, kwa heshima yote, siteremki."

"Kilian, wewe ndiye uliyeshitaki. Mshitaki anayekwepa kuangalia ushahidi, mimi humhamishia kwa washukiwa. Na mama yako nitamweleza mwenyewe."

"Sawa," alisema Kilian.

Ngoma ililia kwenye spika ndogo ya Ida, nyembamba na yenye mikwaruzo. Zabron alikwishakaa kwenye kiti cha dirishani. Hakujua lolote kuhusu simu ile, na Hildegardi alisimama nyuma yake akihakikisha hajui. Kwenye kioo, mtu mdogo wa kaptula alitoka mbio kwenye nyumba ya ufukweni, akaanza kupanda. Kule juu watu wa Litembo walikuwa wamelizunguka zimwi, jitu lenye pembe moja, wakilidunda. Kilian alijulikana kwa kofia nyekundu. Mbasa alifika akihema, kama vipicha vinaweza kuhema, zimwi likiyumba. Akachoma mara moja. Likaanguka.

Vitu vyote vikaruka mkononi mwake. Hapo Hildegardi aliiona hasira ya Kilian kwa macho yake mwenyewe, na akaielewa. Kwa mtu wa shamba, ule ulikuwa wizi mtupu.

Mbasa akateremka mlima mbio. Akafika mchangani, akainama. Ngozi hapa. Meno pale. Kucha huku. Akarudi nyuma akapunguza hili, akaongeza lile, mpaka mafungu yakalingana. Moja akalifanya kubwa, na juu yake akaiweka pembe. Kisha akasimama pembeni, na Zabron naye akakunja mikono kwenye kiti.

"Kila siku ndivyo," Ida alinong'ona. "Nilidhani ni sehemu ya mchezo."

Walisubiri. Jua la mchezo lilianza kushuka kuelekea ukingo wa kioo, na Hildegardi akajikuta anasali kwa ajili ya jua la kompyuta, jambo ambalo asingemwambia padri. Ndipo juu kabisa, penye kona ya kioo, ikatokea kofia nyekundu.

Zabron alisimama mpaka kiti kikaanguka.

Kofia nyekundu iliteremka polepole. Ikafika kwenye mafungu, ikasimama mbele ya lile lenye pembe. Simu ya Hildegardi ikalia. Akaiweka sauti ya juu, juu ya meza, ili wote wasikie.

"Mama mdogo," sauti ya Kilian ilikuwa ndogo. "Hili lenye pembe ni la nani?"

"Lako. Anasema wewe ndiye mwenye kazi."

"Na siku zile nyingine?"

"Siku zote, Kilian. Alikukatia, akakungoja, likafutika. Wewe ulikuwa umemfungia. Kwao huku, anayeishika kamba kabla juya halijalala ana fungu lake, na mali inagawiwa mchangani. Alikuwa anakuja kukusaidia."

"Nimemwita mwizi mbele ya ukoo mzima," Kilian alisema. "Naona aibu, mama mdogo. Yupo hapo?"

"Nipo, shemeji," Zabron alisema, kisha akashtuka kwa neno lililomtoka. "Samahani. Kaka Kilian."

"Samahani ni yangu mimi." Kilian alikohoa, na alipoendelea alikuwa amerudi kuwa mkulima anayelinda shamba lake. "Lakini niambieni. Huyu ana roho nzuri. Kesho akija mwenye roho mbaya na pigo lake moja, akabeba, asigawe?"

"Huku hawezi," Zabron alijibu. "Likishalala, ukishika kamba unachekwa tu. Na waliovuta wote wanahesabiwa, anayegawa ni mmoja na watu wanamwangalia. Huo mchezo ndio unampa mtu mmoja kila kitu. Mimi nilidhani ni makosa ya mashine, nikawa nasahihisha kwa mkono."

Sauti ya Pankras iliingia kutoka nyuma. "Makosa ni ya aliyeiandika mashine. Nipeni nafasi. Zimwi likipiga magoti, hapo limelala: mgeni akipiga hahesabiwi. Waliopiga kabla ya hapo, mchezo wenyewe unawakatia mafungu. Na la aliyeanza linakuwa kubwa. Hilo naliandika wiki hii."

"Andika," Kilian alisema. "Na wote wa Litembo wamfungulie. Mimi nimeshamfungulia."

Kwenye kioo, kofia nyekundu iliinama ikachukua pembe. Nyuma yake kofia nyingine zikaanza kuteremka mlima, moja baada ya nyingine, kila mmoja akaenda kwenye fungu lake. Ida alipiga vigelegele, jenereta likamwitikia huko nje. Hildegardi akavuta kiti akakaa, na alipoletewa chai akainywa yote.

Mchanga ulikuwa karibu umebaki mtupu. Jua la mchezo liligusa maji.

"Kuna dogo limesalia," alisema Kilian kwenye simu. "Wote tumeshachukua. Hili la nani?"

Hildegardi alimtazama Zabron, akaukumbuka mkono wa yule mzee ukisukuma usipa wa mgonjwa kando.

"La Rosina," kijana alisema. "Hakupiga. Lakini wa nyumbani hukatiwa. Tangu siku ya kwanza namkatia."

Kwenye kioo, kofia nyekundu ikarudi nyuma hatua moja kutoka kwenye fungu lile.

"Hilo mimi siligusi," alisema Kilian. "Mwambie huyo mshenga wako aje nawe Jumapili. Fungu la dada yangu ulilete mwenyewe."